Familia ya Kuku Mbele ya Serikali

Jamani, leo nimeaibika, tena kwa maikrofoni.

Kwa wasionijua, naitwa Mwende, natunza nyumba ya watu Lavington, hapa Nairobi. Wenyewe walihamia ng'ambo wakaniachia funguo. Kazi yangu ni kufungua madirisha asubuhi, kuyafunga jioni, na kupangusa vumbi kwenye viti ambavyo hakuna anayevikalia. Vyumba vya kulala vitano, mtu mmoja. Kuna siku nafungua mdomo kwa mara ya kwanza saa nane mchana, na ninayemsemesha ni friji.

Ndiyo maana mwaka jana nilijiunga na Kuku. Kuku ni tokeni, sarafu ya mtandaoni. Aliyeianzisha anajiita Jogoo. Unainunua, Jogoo anafanya mambo yake, na siku moja kuku atataga (maneno yake, si yangu). Mimi nilinunua kidogo tu. Sikufuata mayai. Nilifuata kikundi cha kwenye simu, kwa sababu mle kila asubuhi watu wanaulizana, "Mmeamkaje, familia?" Nilipopata mafua walinipa pole. Siku yangu ya kuzaliwa walituma picha za keki hadi simu ikakwama. Nililia, nisiwadanganye.

Sasa, wiki iliyopita, mdhibiti wa masoko ya hisa aliita wananchi watoe maoni. Swali lilikuwa moja: hizi tokeni ni uwekezaji kama hisa, au ni kitu kingine? Jogoo akatuandikia kwa herufi kubwa. Wakisema ni kama hisa, itabidi atafute leseni, atoe makaratasi na jina lake kamili, na yeye hayuko tayari. Atafunga Kuku, kikundi na kila kitu. Nani angeniuliza nimeamkaje?

Tukakubaliana twende wote tukajitetee. Kila mtu avae fulana ya njano yenye picha ya kuku, ndipo tujuane. Ingekuwa mara ya kwanza kuonana ana kwa ana! "Tuko pamoja!" wakajibu, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa jikoni nikiyasoma majibu yale na kutabasamu kama mtu aliyechumbiwa.

Leo asubuhi nikapitia River Road kuchukua fulana yangu. Fundi wa kuchapa akainyanyua, akaitazama.

"Mathe, hii kuku ni ya hoteli?"

"Ni ya familia."

"Familia inauza kuku?"

Nikamlipa nikaondoka. (Nilivaa palepale dukani, juu ya blauzi. Haraka ya nini, sijui.)

Mkutano ulikuwa Westlands, kwenye ukumbi wa hoteli yenye zulia linalomeza viatu. Mawakili, watu wa benki, suti nyeusi kila upande. Njano? Hakuna. Kisha nikaona njano mlangoni! Nikajua ni Kifaranga wa kikundini, nikakimbia, mikono wazi.

"Kifaranga! Nimekujua!"

Nilikuwa nimeshamkumbatia.

"Madam," akasema taratibu, bila kunisukuma, "mimi ni wa parking."

Lilikuwa koti lake la kazi, lile la kung'aa. Nikaomba msamaha. (Lakini kukumbatiwa kulikuwa kuzuri. Mara ya mwisho ilikuwa Krismasi.)

Nikaenda kushika viti. Kimoja nikaweka mkoba, kingine mtandio, kingine mwavuli, kingine chupa ya maji. Watu wakawa wanauliza, "Hapa kuna mtu?" Nami najibu, "Wako njiani." Mkutano ukafunguliwa kwa maombi, nami nikaombea foleni ya magari ya Waiyaki Way ifunguke.

Aliyeongoza kikao alikuwa afisa mmoja mama, miwani imening'inia kifuani, mpole. Jina langu likaitwa. Nikasimama.

"Kwa majina ni Mwende, na niko hapa kwa niaba ya Familia ya Kuku."

Ukumbi ukacheka. Mtu akauliza mkutano wa wafugaji uko orofa gani. Nikaendelea.

"Hii yetu si hisa. Hii ni chama, kama chama chochote cha kina mama cha kuchanga pesa."

"Sawa, mama," afisa akasema. "Na nyinyi members, kazi yenu ni gani hapo?"

"Hakuna!" nikajibu kwa fahari. "Sisi tunaweka pesa, tunakaa. Jogoo ndiye anafanya kazi yote. Akifaulu, sisi wote tunapata faida."

Wakili mmoja wa mstari wa mbele, ambaye alikuwa amezitetea tokeni asubuhi nzima, akafumba macho. Karani akaandika kwa kasi.

"Asante," afisa akasema. "Umeeleza vizuri kuliko mawakili wote. Ukiweka pesa ukingojea faida kutoka kwa jasho ya mtu mwingine, hiyo ni investment. Ndiyo maana tunataka wanaoanzisha hizi tokeni wapewe leseni."

Mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nikaishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Lakini ni chama!"

"Kwa chama watu wanajuana. Huyo Jogoo anaitwa nani?"

"Jogoo."

"Jina ya kitambulisho, mama."

Sikuwa nalo.

"Basi mwingine. Mtu yeyote hapo umewahi kunywa chai na yeye."

Nikatafuta kichwani. Mama Yai. Kifaranga wa Juja. Bawa la Kushoto. Sijui hata kama Mama Yai ni mama.

"Si wasimame basi tuwaone," akasema. Hakuwa na dharau hata kidogo, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Nikageuka. Ukumbi mzima ukageuka pamoja nami. Mkoba, mtandio, mwavuli, chupa ya maji.

Karani akamuuliza afisa aandike nimezungumza kwa niaba ya nani. Afisa akajaribu kunong'ona, lakini maikrofoni yake ilikuwa wazi.

"Andika, kwa niaba yake mwenyewe."

Wakati wa chai nikafungua simu. Kumbe mkutano ulikuwa ukirushwa moja kwa moja mtandaoni, na familia yote ilikuwa inatazama! Wako nyumbani, wameketi, wananiangalia nikiwatafuta. "Huyu mama ametuuza." "Nani alimtuma?" Mama Yai aliweka kicheko. Halafu mstari mmoja kutoka kwa Jogoo, "Mama, umetumaliza," na mwingine ukisema nimeondolewa kwenye kikundi.

Yule afisa akaja na sahani ya mandazi, akakaa karibu nami.

"Kama umepoteza pesa, kuna fomu ya malalamiko hapo mlangoni," akasema.

Nikamwambia pesa ilikuwa kidogo tu. Nimepoteza watu.

Fomu niliichukua, nimeisoma yote mbele na nyuma. Inauliza kiasi, tarehe na nambari ya simu. Haina mahali pa kuandika hilo.

Nimerudi Lavington, fulana bado ninayo mwilini. Naomba msinicheke. Na kama ni lazima mcheke, chekeni hapa chini, kwa maandishi, nijue kuna mtu.