Babu Kirangozi na Asili ya OK

Jumatatu, 14 Julai 2025
Madam Julieth wa Kiingereza ametangaza: kila mwanafunzi wa kidato cha tatu achague neno la Kiingereza, asimame mstarini, aeleze maana na asili yake. Mshindi ataenda Mwanza kwenye mashindano. Mwanza yuko dada Najiat, anasomea uuguzi, hajarudi nyumbani tangu Idi ya mwaka juzi. Lazima nishinde. Nimechagua OK. Fupi, halitanipa muda wa kutetemeka. Ngollo wa dawati la nyuma kachagua "tea", neno la chai. Mvivu.

Jumatano, 16 Julai
Nimesema ukweli. Ndilo kosa langu. Nilieleza kwamba kwetu OK ni ndiyo, ni nimekusikia, ni ondoka hapa. Asili, kwa mujibu wa kamusi ya maktaba: waandishi wa magazeti wa Marekani walikuwa wakifanya mzaha, wakifupisha maneno waliyoyakosea tahajia makusudi, "oll korrect" badala ya "all correct". Vicheko. Ngollo akauliza kama naye akikosa imla atakuwa ameanzisha neno. Madam akasema nimeokota porojo za mtandaoni, nirudie kesho na kitu cha maana. Kamusi ni nene kama tofali, lakini mzushi ni mimi. Ngollo alikuja na chupa ya chai, akamimina, akapigiwa makofi.

Alhamisi, 17 Julai
Wanataka uongo, nimewapa. Nimesema OK ni neno letu. Wapagazi wa Kinyamwezi, wakijitwisha pembe za ndovu, waliitikia "oke", Wazungu wakaondoka nalo. Nikaongeza kwamba babu wa babu yangu alikuwa kirangozi, mwongoza msafara, ndiye aliyeanza. Makofi kama mvua juu ya bati. Madam alifuta macho. Naenda Mwanza! Baba ni fundi cherehani wa mtaa wa Chemchem, Mmanyema wala si Mnyamwezi, ukoo wetu ulivuka Ziwa Tanganyika. Hakuna haja ya kumsumbua.

Ijumaa, 18 Julai
Sikuufikiria utani. Ngollo ni Msukuma. Wasukuma na Wanyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Asubuhi alinitupia begi lake: mjukuu wa mpagazi, beba. Nikabeba. Mchana, ndoo za jikoni. Hafsa ninayekaa naye dawati moja alishangaa mbona simrudishii, Mnyamwezi wa kweli angeshamtukana ukoo mzima na wangecheka pamoja. Sijui kutukana. Nikikasirika, nimejulikana. Nimetabasamu hadi mashavu yanauma.

Jumatatu, 21 Julai
Madam alitaja jina langu mstarini. Ngollo akanyoosha mkono, akasema ana pingamizi la kiutani: huyo kirangozi alitoroka na vitambaa vya msafara, na hadi leo ukoo wetu unashona vya wizi. Hata mkuu wa shule alicheka. Angemtukana kirangozi tu, ningenyamaza. Lakini kamgusa baba. Nikasikia sauti yangu, sijawahi kuisikia kubwa vile: baba hajawahi kuiba hata uzi, na sisi si Wanyamwezi! Madam akauliza taratibu, sasa yule kirangozi alikuwa babu wa nani. Anaenda Mwanza Ngollo na chupa yake. Baadaye alinifuata, akasema dada Zamda, mimi nilijua tunataniana, nisamehe. Akaniambia kama nina mzigo wa Najiat ataubeba. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumamosi, 26 Julai
Nimempelekea Ngollo dumu la asali la dada. Akajitwika kichwani, akaondoka kwa mwendo wa kipagazi, wenzake wakiitikia "oke". Uongo wangu wameshaushika. Ukweli wa kamusi hakuna anayeukumbuka.

Nimekaa nikapima nilipokosea. Nimepaona: nilichagua kabila lenye watani. Mwakani kuna mashindano mengine. Nitachukua "sugar", neno la sukari, niseme babu wa babu yangu alikuwa Mwarabu wa misafara. Waarabu, nijuavyo, hawana watani. Hafsa, ambaye babu yake ni Mwarabu kweli, amesema ana neno la kuniambia kuhusu mpango huo. Nimemwambia OK, baadaye.