Nuru Husimama Akiamkiwa

Jumatatu, 5 Machi 1951. Kinondoni.
Farasi wangu Nuru amekula kanga ya Shangazi Somoe iliyoanikwa kambani. Amebakiza maneno tu: Wema Hauozi. Shangazi anasema ua wake si zizi. Farasi asipoondoka kufikia Ijumaa, atamwita bwana mifugo na bunduki yake, yule niliyemsihi asimuue Nuru wakati mzungu aliyekuwa naye aliporudi kwao. Eti mzee, hana kazi.

Mpango upo. Hashil wa Kunduchi ana duka, shamba la minazi na kiu ya sifa. Nimempelekea habari kwamba Nuru hapitwi na upepo, ili amchukue.

Jioni nilitazama ndani ya jicho lake. Ua wetu wote umo, na mawingu, na mimi mdogo sana.

Jumatano, 7 Machi. Kunduchi.
Balaa. Mzungu alimfundisha asimame mtu akimsemesha mpandaji. Nami nimelelewa, siwezi kupita watu kimya. Habari za asubuhi, tukasimama. Za nyumbani, tukasimama. Kufika, jua limeshalala kwenye minazi.

Hashil alishakusanya watu. Nuru ashindane na baiskeli ya jirani yake, Sadallah. Sadallah, mwenye adabu zake, akaniuliza kwanza hali ya shangazi. Nuru akasimama. Baiskeli ikaenda, ikarudi. Hashil akasema mtungi wake wa maji una mbio kuliko huyu, nimwondoe alfajiri.

Alhamisi, 8 Machi.
Tulikuwa tunaondoka. Bi Wahiba, mamake Hashil, alikuwa barazani. Watu humwamkia huku wanatembea. Akifikia habari za magoti yake, wameshapinda kona. Akasema, hujambo mwanangu. Nuru akasimama. Bibi akaeleza magoti, mvua, marehemu mumewe, kisima kilichokauka. Nuru akampumulia kiganjani, kope zikishuka taratibu kama pazia. Hakuna aliyeharakisha, hata bahari.

Bi Wahiba akamwambia Hashil huyu ndiye mgeni wa kwanza kungoja jibu. Akifukuzwa Nuru, na yeye mama afukuzwe. Hashil akaenda kukata majani.

Ijumaa, 9 Machi. Kinondoni.
Ua mpana mno. Shangazi ameitazama kamba mara kadhaa, kanga zote zipo, na hakufurahi.

Nimejifunza: sifa za mbio ndizo zilizompatia Nuru makazi. Kwa hiyo nilipomkuta njiani, huko Mbezi, punda wa mchoma chokaa, mzee, kilema, anaachwa porini, sikusita. Nimemfunga nyuma ya choo. Shangazi akiuliza, ni farasi mfupi. Sadallah nimeshamwandikia: auze baiskeli, huyu naye hapitwi na upepo.