Maji Lazima Yaive

Jino ndilo lililompeleka Sukari kwa daktari, lakini masikio ndiyo yaliyompatia kazi. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, shavu limevimba kama amefumbata limau, aliposikia daktari wa meno akimlalamikia dada wa mapokezi.

"Mashine ikianza tu kulia, wanatoka mmoja mmoja kama wanakwenda msalani, hawarudi! Nataka kitu cha kuwatuliza hapa. Nasikia samaki wanatuliza."

"Samaki wa kukaanga, Daktari?"

"Wa kwenye tangi la kioo, dada! Na majani mabichi yanayoota humohumo majini. Sasa mtu wa kunitengenezea nitamtoa wapi?"

Sukari akanyoosha mkono. Maumivu ya jino yalikoma papo hapo. Kuna watu wanaopona kwa vidonge, na kuna wanaopona kwa kuona mfuko wa mwenzao uko wazi.

Hapa haki itendeke: Sukari hakuwahi kufuga hata kuku. Jina hilo alipewa na wale waliowahi kumsikiliza, kwa jinsi maneno yake yalivyoteremka kooni bila kutafunwa. Kilichofuata baada ya utamu walikijua wenyewe.

"Bustani za majini ndiyo kazi yangu tangu ujana," alisema.

Daktari alimkagua hadi miguuni. "Mbona viatu vimechakaa hivyo?"

"Daktari, fundi wa maji akivaa viatu vizuri, huyo si fundi."

Kabla jino halijatazamwa, malipo ya awali yalikuwa mfukoni. Daktari akampaka dawa kidogo kwenye fizi, akamwambia mengine watayamaliza pole pole.

Sukari alikwenda moja kwa moja kwa mwanamke muuza samaki wa mapambo, ambaye watu wote walimwita Mama Samaki. Alimkuta kaloa hadi mabegani, anasugua vioo.

"Nataka kuanza tangi la majani," Sukari akasema. "Niuzie na samaki leo leo."

"Siuzi," alisema Mama Samaki. "Tangi jipya halitiwi samaki. Maji lazima yaive kwanza."

"Yaive?"

"Samaki akijisaidia, ile taka hugeuka sumu. Kuna vijidudu vizuri vinavyoila hiyo sumu, lakini huchukua wiki nyingi kuzaliana. Wewe panda majani, washa kichujio, subiri. Ukiwa na haraka, utakuwa unazika tu."

Sukari alisogea karibu. "Yaani mteja analipa, halafu anakaa wiki nyingi anatazama maji matupu?"

"Anatazama majani."

"Na huo ni ukweli?"

"Ukweli mtupu."

Sukari nusura alie. Maisha yake yote alikuwa akikesha kutunga uongo wa kumfanya mtu atoe pesa na asione kitu, kumbe kulikuwa na kazi ambayo ukweli wenyewe umeshamtungia! Mpango ulijipanga mbele yake kama sahani mezani: apokee pesa za samaki mapema, apokee na ujira wa kila wiki wa kuivisha maji, na siku maji yakiiva, yeye awe ameshapoa mahali pengine.

Tangi alilipata kwenye hoteli iliyofungwa. Majani aliyang'oa kwenye bwawa nyuma ya waosha magari, akamwambia daktari yametoka nchi za baridi, ndiyo maana yana gharama. Lakini kazi aliifanya vizuri, kwa kuwa daktari alikuwa anatazama: udongo chini, mchanga uliooshwa juu yake, maji ya bomba yaliyolazwa kwenye ndoo ili dawa yake iondoke, mizizi ikafukiwa mmoja mmoja kwa vidole. Asiloe, aliazima koti jeupe la dada wa mapokezi. Koti lilimkaa. Wagonjwa wakaanza kumwamkia.

Baada ya siku chache majani yakageuka kahawia, yakaanza kuyeyuka kama sabuni.

"Fundi, yamekufa!" daktari alipiga kelele.

"Yanavua nguo za safari, Daktari."

Kisha akatoka mbio hadi kwa Mama Samaki, akamkuta hana hata wasiwasi. Ni kweli, alisema, jani la zamani hufa likihamishwa. Kata lililooza, punguza saa za taa maji yasiote utando wa kijani, ngoja. Sukari alikata, alipunguza, akangoja. Asubuhi moja akaona katikati ya mzizi kijani kidogo, chembamba kama ncha ya sindano, kimechomoza. Alihisi kitu kifuani. Akajiambia ni njaa. Lakini kesho yake alikuja tena, na haikuwa siku ya malipo.

Mgonjwa mmoja hakukosa kwenye benchi lile: bibi mmoja mwembamba aliyekuwa anangojea meno yake ya bandia ya chini.

"Mjukuu wangu, samaki wako wapi?"

"Maji bado hayajaiva, bibi."

"Nyama huiva. Maji huchemka."

"Haya huiva, bibi."

"Na wewe hulipwa yakiwa mabichi," bibi akasema, akacheka kwa ufizi.

Daktari naye alikuwa na macho. Siku moja alimvuta Sukari pembeni. "Watu wanakusikiliza kuliko mimi. Hebu wape habari ya meno ya dhahabu. Yanaagizwa ng'ambo, kwa hiyo wanalipia kabla. Nawe jino lako hilo nitakuvika dhahabu kwa nusu bei."

Sukari alijiona akitabasamu, barabara nzima ikifumba macho. Mganga hajigangi: mtu aliyewauzia wenzake maji mabichi hakuuliza hata swali moja. Alisimama kando ya tangi kwa koti jeupe, akayasifu meno ya dhahabu hadi vibogoyo wakaona wana bahati. Wakalipa. Yeye pia akalipa, akamrudishia daktari kila alichokuwa amechuma kwake, na akiba yake juu.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya kuivisha maji. Sukari alifika asubuhi akakuta mlango wazi na watu wamejaa. Mashine imekwenda. Vyeti vya ukutani vimekwenda. Daktari, ambaye sasa hakuna aliyekuwa na hakika kama ni daktari wa kitu chochote, naye alikuwa amekwenda. Dada wa mapokezi alikuwa analia kwa sababu ya mishahara yake.

"Huyo hapo!" mtu akapaza sauti. "Ndiye aliyetudanganya!"

"Ndugu zangu, hata mimi nimetapeliwa!"

Miaka mingi ilikuwa imepita tangu Sukari aseme ukweli mbele ya watu, na hakuna aliyeununua. Fundi seremala mwenye kifua kama kabati alimkamata ukosi, akamwinua hadi vidole vya miguu vikatafuta sakafu.

"Mwachieni mjukuu wangu."

Bibi alikuwa palepale kwenye benchi.

"Mjukuu wako huyu?" seremala akauliza.

"Wa binti yangu mkubwa. Mjinga tangu utotoni. Angekuwa na akili, si angetoroka na mwenzake?"

Seremala akamshusha, hata akamnyoosha ukosi kwa huruma. Watu wakageukia vitu: huyu kiti, yule saa ya ukutani, wengine benchi. Bibi akaelekeza mkongojo kwenye tangi. "Mimi hilo. Na huyu wa kulibeba."

Njia ilikuwa nyeupe. Sukari angeweza kukimbia. Badala yake akajisikia akifoka, "Msimwage maji yote! Kichujio kisikauke, vijidudu vitakufa! Majani yafunikwe kitambaa kibichi!" Akalibeba na seremala hadi chumbani kwa bibi.

Samaki wa kwanza walipatikana kwa kuuza saa ya mkononi ya Sukari. Bibi alisema mjukuu hana haja ya kujua saa, ana haja ya kumsaidia bibi yake. Asipokuja, bibi atamweleza seremala kwamba mjukuu ameukana ukoo. Majani yakashika, yakajaa, yakatoka nje ya maji. Kila Sukari alipopogoa, bibi alifunga vipande kwa uzi, na wanaotaka kuanza tangi la kwanza wakaanza kubisha hodi.

Siku moja alikuja mwalimu mmoja aliyeoa juzi.

"Haya yametoka mbali, baba," bibi alikuwa anamwambia. "Na huyo ndiye mtaalamu aliyekuja nayo. Lugha yetu hajui hata neno."

Sukari, mkono majini hadi kwenye kiwiko, alifumbua mdomo. Bibi akamtazama. Akaufumba.

"Niombee kwake apunguze bei kidogo, bibi," mwalimu akasihi.

Bibi akamwashiria. Sukari akavuta pumzi, akatoa maneno marefu, yenye mikwaruzo, ya lugha ambayo haijawahi kuzungumzwa na binadamu. Humo ndani alikuwa anadai fungu lake.

Bibi alisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima.

"Anasema," alimgeukia mwalimu, "imepanda."