Askari wa Ua la Jebet

Jumatatu, 5 Novemba 2012

Ushindi! Jebet ameniachia ua lake. Mimi, Opondo, karani wa ofisi ya mifugo hapa Lodwar! Si Kipchumba wa chumba cha pili, ambaye alikuwa amesimama palepale mlangoni, mikono tayari kupokea. Jebet ni muuguzi, jirani yetu wa ploti, na leo amepanda basi kwenda kwao Iten kwa likizo. Ua liko kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo. Lina majani mapana, na ndicho kitu pekee cha kijani ploti nzima ukiondoa mti wa mathenge ulio nyuma ya choo. Lilikuwa la marehemu mama yake. Aliniambia nilitunze vizuri kwa sababu hana ukumbusho mwingine.

Mwanamke haachi kitu cha mama yake kwa mtu yeyote tu. Akirudi Jumapili ya tarehe kumi na nane, nitamwomba aniruhusu nikawaone wazee wake. Suruali nzuri nimeshaipiga pasi.

Jumatano, 7 Novemba

Balaa. Chini ya majani kuna vidudu wa kijani, matumbo manene, wamejipanga kwenye mishipa ya jani wakinyonya. Vidukari!

Kipchumba alipita kusalimia tu. Kusalimia gani huku mtu anachungulia nyuma ya pazia? Akawaona. Akasema nichukue maji ya sabuni na kitambaa, nipanguse kila jani juu na chini, basi. Nikamjibu asante ya meno. Sabuni! Anataka Jebet akirudi aambiwe kwamba aliyeokoa ua ni Kipchumba. Sabuni haitagusa jani hilo nikiwa hai.

Ijumaa, 9 Novemba

Mtu wa ofisi ya mifugo hakosi dawa. Stoo kulikuwa na chupa ya dawa ya kupe. Nikajiuliza: kupe hunyonya, kidukari hunyonya, tofauti iko wapi? Ngamia mzima huoshwa kwa dawa hiyo na kesho yake anatembea. Maelezo ya kipimo yalikuwa ya ng'ombe, kwa hiyo nikakadiria. Nilikadiria kwa ukarimu.

Jioni: majani yamekunjamana kingo, mengine yameanguka. Nimeyabandika tena kwa gundi ya bahasha. Ukitazama kwa mbali, ukiwa na haraka, huwezi kujua. Vidukari hawajambo. Mimi ndiye ninayekohoa.

Jumapili, 11 Novemba

Ufunuo! Tena kanisani, katikati ya matangazo. Kule Kaaleng mifugo hailindwi kwa dawa. Inalindwa na askari wa akiba wenye bunduki. Na asubuhi hiihii nilikuwa nimeona sisimizi wawili watatu wakipanda shina na kutembea kati ya vidukari kwa madaha, mmoja akisimama, mwingine akikagua. Doria! Ua tayari lina askari, ila ni wachache na hawana posho.

Nikamwaga sukari mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye mkebe. Sukari yote ya nyumbani. Chai nimeinywa chungu. Kabla jua halijatua, jeshi zima lilikuwa limeripoti kazini. Kipchumba akauliza mbona nafuga sisimizi. Nikamwambia hayo ni mambo ya usalama, hayamhusu.

Jumanne, 13 Novemba

Askari wameongezeka. Vidukari pia wameongezeka. Askari mmoja ameniuma sikio. Nidhamu itakuja polepole.

Alhamisi, 15 Novemba

Nimetumwa kupeleka chanjo ya mbuzi Kakuma. Siwezi kuliacha ua peke yake na Kipchumba na sabuni yake. Nikaenda nalo, nimelipakata kiti cha mbele. Lokorio, dereva wetu, alisema hajawahi kuona afisa akipakata mboga. Baadaye askari wakashuka kwenye suruali yangu, wakavuka hadi kwake. Alisimamisha gari, akatoka, akacheza ngoma peke yake kando ya barabara.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nilipita kwa Amou, muuza soda, ambaye huimba nasi kwaya wakati wa mikutano ya kanisa. Amou alizaliwa kwenye zizi la ng'ombe kule Bor, Sudan Kusini, kabla ya vita. Nikamwonyesha askari wangu kwa fahari. Akainama, akatazama chini ya jani muda mrefu, akaanza kucheka, akamwita mumewe Dau aje naye aone.

“Opondo, ndugu yangu, hii si askari,” akasema. “Hii ni mwenye ng'ombe. Angalia, iko nakamua! Ile dudu ya kijani ndio ng'ombe yake. Wewe unapatia mchungaji sukari, halafu unauliza kwa nini ng'ombe inazaa?”

Nikatazama. Kweli tupu! Sisimizi alimpapasa kidukari mgongoni, tone likatoka, akalinywa. Miaka yote hii nikiwa ofisi ya mifugo! Dau akaniuliza kama watalipa ushuru wa soko. Amou akapangusa machozi ya kicheko, akanishauri nitumie maji ya sabuni.

Sabuni! Sasa nimeelewa. Kipchumba ana namba ya simu ya Amou.

Ijumaa, 16 Novemba

Kama ni mifugo, basi mifugo huhamishwa. Kipchumba amepanda sukuma wiki kwenye gunia mbele ya mlango wake. Nimenunua sukari nyingine, nikapiga mstari kutoka kwenye mkebe hadi kwenye gunia hilo. Wachungaji watafuata malisho, wataswaga ng'ombe wao, na kesho tutaona kama sabuni ya Kipchumba itamtosha. Mpango hauna kasoro.

Jumamosi, 17 Novemba

Mpango ulikuwa na kasoro. Sisimizi walikwenda, wakala, wakarudi. Na hawakurudi mikono mitupu. Sukuma za Kipchumba zilikuwa na vidukari wa kijivu, na sasa wa kijivu nao wako kwangu, bega kwa bega na wa kijani. Ofisini tungeita hiyo kuboresha koo za mifugo.

Jani limebaki moja. Nimelikagua. Ni la gundi.

Jumapili, 18 Novemba

Jebet amerudi. Kipchumba alimbebea begi kutoka stendi. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshikilia jani lisianguke. Jebet alipouchukua mkebe, jani likabaki mkononi mwangu.

Aliketi kizingitini, mkebe mapajani, akaligusa shina tupu. Nilitamani anitukane. Kisha akasema polepole kwamba vidukari si ajabu, ua hilo limekuwa nao siku zote. Mama yake alikuwa akilipangusa kwa maji ya sabuni kila Jumamosi, na yeye alidhani jambo hilo kila mtu analijua. Akauliza kama kweli hapakuwa na hata mmoja wa kuniambia. Kipchumba akatazama angani. Huo ndio ubaya wake, hata kunisemea hakunisemea.

Moyo uliniuma, naandika wazi. Machozi yalimtoka bila sauti, nami nimesimama pale na suruali yangu ya pasi, sisimizi wakipanda. Nilitaka kusema samahani. Nikasema jua la Lodwar ni kali. Akaliosha shina mwenyewe kwa maji ya sabuni na kitambaa cha Kipchumba, akampa ashike mkebe.

Jumatatu, 26 Novemba

Ua limetoa chipukizi! Ploti nzima inamsifu Kipchumba na kitambaa chake. Watu hawajui sayansi. Hiyo ni dawa ya kupe, imechukua muda tu kufika mizizini. Jebet bado hanisalimii, dalili ya mwanamke anayetafakari. Suruali nimeirudia pasi.

Na kuna habari njema. Sellah wa ofisini kwetu anakwenda Lokichar kikazi, ameniomba nimwangalizie kuku wake. Nimekubali. Wana utitiri kidogo. Kipchumba, bila kuulizwa na mtu, alisema ng'ambo ya ukuta kwamba niwapake majivu, basi.

Majivu! Na chupa ya dawa ya kupe bado ina nusu nzima.