Nyumba ya Kiingereza ya Mama, Tukuyu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimepata! Mwaka huu Roger atanitambua.

Roger ni Mkongo wa Lubumbashi, jirani yangu wa ofisi hapa Tianxiu Dasha, jengo la wafanyabiashara Waafrika mjini Guangzhou, Uchina. Tangu Krismasi ananionyesha kwenye simu nyumba aliyomjengea mama yake: nguzo mbele, simba wawili getini. Leo nimekwenda Foshan kwa laoban mmoja, bosi wa kiwanda cha mapambo. Ukutani kwake kuna picha ya nyumba ya shamba ya Uingereza, ya zamani sana. Kuta za mawe, nene kiasi cha mtu kukaa ndani ya dirisha. Paa la nyasi, limeshuka juu ya madirisha kama kofia ya mlinzi. Pembeni ghala la mawe, milango mirefu ya kupitisha mkokoteni uliojaa majani, na kwenye kuta matundu marefu membamba, hewa ipite mavuno yasiote ukungu. Nguzo za Roger ni ushamba mtupu!

Laoban anatengeneza vyote. Mawe ya sponji ngumu, nyasi za plastiki. Nimeagiza vya nyumba ya mama, pamoja na vya ghala. Wakubwa wa nyumbani wakiiona kila mmoja atataka ya kwake, na muuzaji ni mimi peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia mama. Hakufurahi. Amesema alikulia chini ya nyasi, akivujiwa, na siku marehemu baba alipoezeka bati kwa pesa ya mavuno ya chai yeye alitoa ushuhuda kanisani huku analia. Nimemweleza kwamba Waingereza matajiri wanalala chini ya nyasi. Akauliza kama kwao mvua hainyeshi. Wazee bwana!

Nimemwagiza mdogo wangu Mikaeli aezue bati, aliuze lilipe mafundi, wasimamishe mbao zenye mwinuko mkali kama wa pichani. Banda la ng'ombe ndilo ghala, atoboe matundu. Alitaka tungoje mzigo ufike. Nimemwambia mzigo umeshaondoka. Utaondoka tu. Mimi na Roger tumechangia kontena moja mpaka Dar, linapakiwa wiki ijayo.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya kupakia. Nimedhalilishwa! Roger ameinua jiwe langu la pembe ya ukuta kwa kidole kimoja, mbele ya wapakiaji wote, akatangaza: "Mon cher Abednego, hii nyumba mama aifunge na kamba, upepo isiibebe." Wapakiaji Wachina wakacheka, na Kiswahili hawakijui.

Nimeamuru mzigo wangu wote ushushwe. Heshima kwanza. Kontena limeondoka na mabegi ya Roger ya kutoka Shiling, mji wa viwanda vya mabegi, na nafasi yangu ikajazwa vitambaa vya mtu mwingine. Herieth, wakala wetu wa mizigo, alinikimbilia mpaka kwenye lifti akisema nafasi nyingine mei you, hakuna kabisa, mpaka ipite sikukuu ya Wachina ya makaburi, mwezi ujao. Nimemjibu kwamba mimi naweza kungoja.

Jioni ujumbe wa Mikaeli: bati limetoka lote.

Jumapili, 23 Machi

Huku Guangzhou kuta zinatoa jasho kwa unyevu, nguo hazikauki. Tukuyu mvua imeshika. Godoro limelowa, Biblia ya baba imelowa, mama amehamia kwenye ghala. Mikaeli ananilaumu eti matundu yanapitisha upepo usiku kucha. Si ndiyo kazi yake! Nimeomba picha. Amenitumia mama amejifunika turubai. Matundu hayaonekani vizuri.

Mama anakohoa. Nimeogopa kidogo, nikazima simu.

Roger amesikia kwa Herieth. Amekuja taratibu, akaniomba tununue bati huko huko kesho, nusu yake nusu yangu. Roger amwezekee mama yangu! Asimulie Lubumbashi nzima! Nimekataa, kwa adabu.

Jumamosi, 29 Machi

Mama amelazwa. Nimonia. Mikaeli amemwekea simu sikioni. Sauti imekuwa ndogo sana. Akauliza mzigo umefika wapi. Nimesema uko baharini, unakaribia Dar. Mzigo umejaa ofisini hapa mpaka mlangoni. Nilikuwa nimekalia jiwe la pembe nikimwambia hayo. Akasema nisihangaike, mwanangu, yeye hana haraka.

Sijala leo.

Ijumaa, 4 Aprili

Mama amefariki. Wamemzika jana, mvuani. Waombolezaji walikaa nje kwa sababu nyumba haina paa. Nimelia mpaka watu wa ofisi za jirani wakagonga mlango. Mama yangu!

Leo ndiyo sikukuu yenyewe, Wachina wamekwenda kusafisha makaburi ya wazee wao. Roger amepitisha bakuli la rambirambi ghorofa zote, kisha akaja kunikumbatia, akalia kuliko mimi. Katika kunifariji akanionyesha kaburi la baba yake kwenye simu. Marumaru nyeusi. Malaika wawili.

Malaika wawili!

Alipoondoka nikayatazama mawe yangu. Yanatosha, na mengine yatabaki. Kaburi la mawe ya Kiingereza, paa la nyasi lenye mwinuko mkali, matundu pembeni hewa ipite. Hakuna mkubwa nchini mwenye kaburi kama hilo. Bado.

Nimempigia Mikaeli: mafundi wakija na saruji awafukuze, kaburi liachwe hivyo hivyo. Ameniuliza, kwa sauti ya kuchoka, itakuwaje na mvua hii. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mzigo umeshaondoka.