Hazama ya Urmila

Jumatatu, 6 Mei
Nimeipata! Jamna Devi kanipa kazi ya hazama, pete ya puani, ya bintiye Urmila, anayeolewa Jumamosi. Ya dada mtu aliitengeneza Bhanwarlal, sonara mwenzangu wa ng'ambo ya kichochoro, na hadi leo hajaacha kujigamba. Nyumba ile ina mabinti wengine watatu. Nikifanikiwa hapa, wote wangu. Yangu itakuwa kubwa mara mbili ya yake. Jaipur nzima itanijua!

Jumanne, 7 Mei
Kikwazo. Hazama kubwa ni nzito, na pua ni pua. Dawa yake: dhahabu iwe ganda tupu, ndani nijaze lakiri, ule utomvu mwekundu unaoyeyuka motoni na kuganda ukipoa, juu nipachike yakuti zishikwe nayo. Bhanwarlal kachungulia, kauliza huyo ngamia anaolewa lini. Wivu tu.

Alhamisi, 9 Mei
Lakiri inagoma kuingia. Nimeongeza nta ilainike, na unga wa matofali nimeuacha kabisa. Unachelewesha. Ikateleza kama samli! Mke wangu Kesar akaingilia: "Baba Munni, bila unga wa matofali hiyo haishiki. Na joto hili, na mtoto wa watu anakwenda kukaa mbele ya moto!" Nikamwambia aniachie ufundi wangu. Akauliza ufundi upi. Tumenuniana.

Jumamosi, 11 Mei
Urmila alipotoka, wanawake walipigwa na butwaa. Bhanwarlal akatazama chini. Raha iliyoje!

Kisha moto wa ndoa. Kuhani akamimina samli, ndimi zikapanda. Maharusi wakaanza kuuzunguka. Mzunguko wa pili, tone jekundu mdomoni kwa bibi harusi. Shangazi akapiga yowe kwamba ni damu. Lakiri! Wa tatu, yakuti ikadondoka. Ikafuata nyingine. Na mizunguko saba haikatizwi, hata paa lianguke. Nifanyeje? Nikapiga magoti, nikawafuata nyuma nikiokota, raundi baada ya raundi. Bhanwarlal akapaza sauti: "Kesar, njoo! Mumeo anaolewa!"

Jumapili, 12 Mei
Jamna Devi kasema nisikanyage kwake tena. Mabinti wote watatu kampa Bhanwarlal. Nimelia, sifichi.

Jioni nimetulia, nimechunguza, kosa nimeliona: kuhani alizidisha samli. Basi. Mtaa wa pili kuna bwana harusi wa Januari, baridi kali, anataka pambo la kilemba. Nitamtengenezea kubwa mara tatu. Na safari hii lakiri siweki hata chembe. Nta tupu!