Chumba cha Vitunguu

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mnunuzi kaja hapa Malolo kutaka vitunguu vyangu. Elfu sabini gunia, tena lumbesa, limejazwa mpaka limevaa kilemba! Nimemfukuza. Ninayo magunia manane. Nitapanga chumba Mikumi, niyahifadhi humo, bei ikipanda niwauzie abiria wa mabasi mwenyewe. Mkwe wangu Doto akasema, mama, chumba cha mjini kitavila vyote. Nikamuuliza tangu lini chumba kina meno. Akacheka. Nimeapa mbele yake: nisiporudi na milioni, funguo za ghala ni zake.

Jumatano, 3 Septemba

Dalali anaitwa Zabron. Suruali inamteremka. Shikamoo yenyewe hakuitoa mpaka nilipoidai. Chumba elfu arobaini kwa mwezi. Rahisi! Nikahesabu elfu arobaini. Akasema mwenye nyumba anataka miezi mitatu kwa mkupuo, na yeye dalali mwezi mmoja wake. Nikamuuliza wa nini, na yeye analala humo? Akasema ndiyo utaratibu, bibi. Laki na sitini! Pesa yangu yote ya kikoba imekwenda. Kitasa hakifungi. Nacho cha kununua mwenyewe.

Ijumaa, 5 Septemba

Mwenye nyumba ni Perpetua. Rika langu kabisa, lakini anataka nimwamkie! Sikumwamkia. Akanisomea masharti. Chumba ni cha kulala mtu. Mzigo wa biashara unalipiwa mara mbili. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Alipokwenda jumuiya nikaingiza magunia yangu. Mwenye gari kachukua gunia moja liwe nauli, maana pesa sina. Fundi kitasa nusu gunia. Dirisha nimelifunga na kuliziba kwa khanga, harufu isitoke. Nimelala juu ya mali yangu. Nani kama mimi?

Jumanne, 9 Septemba

Perpetua kaja na michango. Umeme, mita moja wapangaji sita. Maji. Taka. Mlinzi. Elfu kumi na nane! Nikamwambia nina taa moja na saa mbili naizima. Akasema wote sita wanasema hivyohivyo. Nikamwambia taka mimi sitoi. Akanusa mlangoni, akauliza ninapika nini kutwa. Nikasema mchuzi. Akauliza mchuzi gani usio na moto. Mwanamke mchunguzi! Ikabidi nimuuzie muuza chipsi gunia moja nilipe. Elfu hamsini. Aliniona nina haraka, mwizi yule. Abiria? Basi halisimami hata dakika tano, na vijana wanakimbia nalo kuliko mimi.

Jumamosi, 13 Septemba

Maji meusi yametoka chini ya mlango wangu. Bati linachoma humu kama tanuri la mkate. Perpetua akaita nyumba nzima kutazama. Mpangaji wa chumba cha pili akauliza nani kafia humo. Magunia matatu yameoza. Mawili na nusu yanaota majani. Perpetua akadai kodi ya mzigo, miezi yote mitatu, laki na ishirini, au nitoke na nilicholipa hakirudi. Nikamwambia shikamoo, dada. Akaitikia marahaba kwa sauti, majirani wasikie. Akapunguza elfu tano! Basi, akachukua magunia mawili na nusu yale. Chumba ni changu mpaka mwisho wa Novemba. Kitupu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefika Malolo. Doto kakimbia kunipokea mzigo, mzigo hakuna. Akauliza milioni iko wapi. Nikamwambia iko kwenye nyumba, mjini watu wanawekeza hivyo. Hakucheka. Nimempa funguo. Kazipokea kwa mikono miwili, kapiga na goti. Ndilo lililoniuma, lile goti. Angecheka tu.

Nimefikiri sana. Kosa si langu, kosa ni la dirisha. Chumba cha dirisha moja si cha mtu mwenye akili. Nimempigia Zabron anitafutie chenye madirisha mawili. Kile cha kwanza nitakuwa napumzikia. Anataka tena mwezi mmoja wake, mbele. Nimemwambia aje achukue beberu wangu zizini. Apite nyuma, Doto asimwone.